Mkono Kabla ya Maji: Shajara ya Kibanda cha Kuosha Mbwa, Kawangware

8 Januari 2024

Chama cha mke wangu kimenikopesha shilingi 15,000 kwa masharti mawili. La kwanza, nirudishe 16,500 kwa awamu ya 1,500 kila mwezi. La pili, kila mkutano mama watoto awe na cha kuwasomea: pesa zimeingia wapi, zimetoka vipi, mume amefanya nini. Wanawake wale hawana mchezo. Mwenyekiti wao alisema wazi kwamba waliwahi kumkopesha mwanamume mmoja pesa za kufuga kuku, na hadi leo kuku hao hawajaonekana wala kusikika wakiwika. Hiyo ndiyo asili ya shajara hii. Naiandika kwa ajili yao kwanza, kisha kwa yeyote anayeiwazia kazi ya namna hii.

Mradi ni kuosha, kuchana na kukata kucha za mbwa na paka. Kibanda kiko uani kwangu Kawangware, si mbali na barabara ya Naivasha. Wateja ninaowalenga wako ng'ambo, Lavington na Kileleshwa. Mgeni wa Nairobi hushangaa jinsi mitaa hii ilivyopakana: upande huu mabati, upande ule ua wa michongoma na kibao cha "Mbwa Kali" langoni. Zamani vibao vile viliandikwa "Umbwa Kali", na mimi huona mbwa wa enzi hizo walikuwa wakali zaidi.

Matumizi ya leo: pipa la plastiki lililotumika 2,500, fundi amelipasua kwa urefu likawa beseni mbili. Meza ya chuma kwa mafundi wa jua kali 4,200, kimo cha kiuno changu ili nisiiname. Shampuu ya mbwa lita tano 1,800. Brashi, kitana cha viroboto na mkasi wa kucha 1,350. Taulo kumi za mitumba kutoka Gikomba 600. Ndoo na mpira wa maji 900. Mashine ya kukaushia nywele iliyotumika, kutoka saluni iliyofungwa, 3,000. Zimebaki 650, nazo mama watoto amezikalia.

14 Januari 2024

Mwanachama mmoja ameuliza kwa nini mbwa, mtu mzima mwenye watoto wawili. Basi nieleze nilikotoka.

Miaka tisa nilikuwa askari wa mbwa katika kampuni moja ya ulinzi. Zamu ilianza saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi: mimi, mbwa mmoja, ua mmoja, na redio isiyoshika. Kabla ya kutoka bandani kulikuwa na kazi moja isiyosamehewa, nayo ni kumpitisha mbwa mkono. Unaanza masikioni, unafunua mdomo uone fizi, unashuka shingoni, makwapani, tumboni, katikati ya vidole vya kila mguu, unamalizia chini ya mkia. Supavaiza akipata kupe baada yako, unakatwa shilingi mia mbili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mbwa hana nguo, kwa hiyo mtafute manyoyani. Kufikia mwaka wa pili mkono wangu ulikuwa unasoma wenyewe gizani, bila tochi, hata nikiwa nusu usingizini.

Mwezi wa nane mwaka 2022 nilikuwa narudi nyumbani asubuhi juu ya boda, gari likachomoka kando. Mwendeshaji alichubuka kiwiko. Mimi mguu wa kulia ulivunjika mara mbili chini ya goti, na chuma walichotia bado kimo ndani. Nililala miezi mitano. Kampuni ililipa mshahara wa miezi miwili, kisha ikaniletea barua yenye heshima nyingi na pesa kidogo: askari wa mbwa asiyeweza kukimbia hana kazi kwao, na ajali haikutokea zamuni. Mbwa wangu, dume wa miaka sita wa aina ya Jamani (German Shepherd), akapewa mtu mwingine. Sikupata kumuaga. Nilikuja kusikia kwamba alisusa chakula siku nne. Sijui mwenzangu aliyeniletea habari hiyo alidhani itanifariji vipi.

Tuliuza televisheni, kisha mtungi wa gesi, kisha simu yangu. Mama watoto ndiye aliyelisha nyumba kwa meza yake ya sukuma wiki na nyanya, akiamka saa kumi usiku kwenda sokoni. Mimi nilikuwa mtu wa kukaa mlangoni na magongo, na kuna aibu ya namna yake mtoto wa gredi ya tatu anapokuomba usogeze mguu apite. Sitaandika zaidi ya hapo. Chama hakikukopesha pesa kwa ajili ya huzuni.

Mwishoni mwa 2023 soja mmoja tuliyefanya naye kazi, sasa analinda nyumba Lavington, alinitafuta kupitia simu ya mama watoto. Bosi wake alikuwa na mbwa mdogo mweupe aina ya Spitz, kajaa kupe, na dada wa nyumbani alikuwa anamwogopa. Nilikwenda na gongo moja, nikamwosha kwenye karai bustanini, nikatoa kupe thelathini na saba. Niliwahesabu kwa mazoea. Nilipewa noti ya 1,000. Nilirudi kwa miguu, polepole, nisiivunje noti ile kwa nauli.

31 Januari 2024

Mbwa kumi na mmoja mwezi huu. Wadogo saba kwa 700, wakubwa wanne kwa 1,200. Jumla 9,700. Wote wameletwa na masoja wa malangoni. Ndio mtaji wangu wa kweli na hawakuandikwa popote kwenye hesabu ya chama. Soja anajua mbwa gani ananuka, anajua bosi analalamika nini akishuka garini, na anajua saa ya kulisema jina langu. Kila mbwa anayekuja kwa mkono wake, yeye anapata 100.

Mashine ya saluni imenitia hasara. Joto lake ni la kichwa cha mtu aliyeketi chini ya kofia na kusoma gazeti. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoa kwa kuhema, na ngozi yake ikishachemka chini ya manyoya hutajua hadi alie. Spitz wa pili aliniambia kwa meno. Nimeiweka chini ya kitanda, nakausha kwa taulo na jua. Nikipata pesa nitanunua ile ya kupuliza upepo mkali usio moto, kama wanayotumia waosha magari.

Jirani amewachekesha watu kwenye kibanda cha chai: "Huyu anaosha mbwa kwa shampuu, watoto wake wanaoga kwa sabuni ya kipande." Ni kweli kabisa. Shampuu ya watu haifai mbwa, ngozi yake haiko na uchachu kama wetu, utamkausha hadi ajikune damu. Na watoto wangu hawajawahi kulalamikia sabuni ya kipande.

22 Februari 2024

Awamu ya kwanza imelipwa.

Mambo madogo ya mwezi. Makanga wa 46 hakubali mbwa ndani ya matatu hata akiwa kwenye kikapu, hata ukilipa viti viwili. Boda anakubali kwa nauli ya watu wawili, halafu njia nzima anauliza kama mbwa anaweza kumng'ata mgongoni. Kwa hiyo wateja wasio na gari nawafuata kwao na begi, naongeza 200.

Watu wanne tayari wameniomba nimchome mbwa wao sindano, ya minyoo, ya chanjo, mmoja hata ya kumfunga uzazi, "kwa sababu wewe una mkono mzuri, mzee, na daktari ni ghali." Nimekataa wote. Tangu sheria ya mwaka 2011 kazi ya kutibu wanyama ni ya waliosajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo. Nami nisiingize mkono nisikofundishwa. Ninachoweza ni kuona na kusema.

Hapo ndipo lilipozaliwa jambo ambalo mama watoto alilipa jina kabla yangu. Alinitazama nikimpitisha mkono mbwa wa mtu kabla hata sijafungua maji, akasema, "Kumbe huwa unamsalimia kwanza." Nimenunua daftari la karatasi za nakala. Kila mbwa anayemaliza, mwenye mbwa anapewa karatasi: masikio, fizi, ngozi, kucha, uvimbe, kupe wangapi na wapi. Mama mmoja wa Kileleshwa aliisoma mara mbili, akaikunja akaiweka kwenye pochi kama risiti ya benki. Akaniuliza iwapo naweza kuja kila wiki mbili.

19 Machi 2024

Mvua za masika zimeanza kunukia. Maji ya bomba hayajafika siku tisa. Mtungi wa lita ishirini wa mkokoteni, ambao ni shilingi 20 siku za kawaida, sasa ni 50. Jamani mmoja anakula mitungi mitatu. Piga hesabu.

28 Aprili 2024

Nairobi imezama. Watu wa Mathare wamepoteza nyumba na watu wao, kwa hiyo sitalia sana juu ya ua wangu. Kijito cha nyuma kilipanda, kikachukua beseni moja na taulo sita, kikaacha matope hadi kifundo cha mguu. Watoto walilala juu ya meza ya chuma ya mbwa, usiku mmoja. Ni imara, fundi yule hakunidanganya.

6 Mei 2024

Nimekaa siku tatu nisijue niandike au nisiandike. Mama watoto amesema chama kitasoma hiki au hakitasoma kingine tena.

Tarehe 22 mwezi uliopita, kati ya mvua na mvua, nilikuwa na mbwa watano waliorundikana. Kijana mmoja alikuja mbio na mtoto wa mbwa wa wiki tisa kwenye boksi. Alikuwa amejichafua kwa kuhara, ananuka, na kijana alitaka aoshwe haraka kwa sababu ni zawadi ya mtu jioni hiyo. Sikumpitisha mkono. Nilimtia moja kwa moja majini. Miaka tisa kampuni ilinikata mia mbili kwa kupe, na siku niliyokuwa bosi wa nafsi yangu nikaruka hatua hiyo kwa sababu kulikuwa na foleni.

Ningemgusa ningejua. Alikuwa mlegevu kama kitambaa, na ile harufu ya kuhara kwa damu askari yeyote wa mbwa anaijua, haifanani na nyingine. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa kwa kuhara na kutapika. Nilimwosha, nikampangusa, nikamrudisha, na maji yale nikayamwaga uani, kwenye udongo.

Kesho yake walikuja watoto wengine wawili wa mbwa, ndugu wa tumbo moja, wa familia ya Lavington. Chanjo zao zilikuwa hazijakamilika. Siku ya tano wote wawili walianza kutapika. Mmoja alipona baada ya siku sita za dripu kliniki. Mwingine, jike mwenye kiraka cheusi jichoni, alikufa. Aliyempigia simu mwenye mbwa kueleza kilichotokea ni mimi, si daktari. Sikutaka alisikie kwa mtu mwingine. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Watoto wangu walikuwa wameshampa jina."

Nimepeleka 6,000 za kusaidia gharama ya kliniki. Ndiyo pesa yote niliyokuwa nayo. Awamu ya Aprili haikulipwa, na ya Mei haitalipwa. Kibanda nimekifunga. Yule wa kwanza, wa boksi, sikuwahi kujua mwisho wake. Namba ya kijana haipatikani.

20 Mei 2024

Nimekwenda Upper Kabete, kwenye kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, nikaketi kwenye benchi hadi daktari mmoja akapata nafasi. Sikuwa na mbwa, nilikuwa na maswali. Alicheka kidogo, kisha akanieleza kama mtu anayemweleza mwenzake kazini.

Parvo haifi kwa sabuni. Udongoni inaweza kukaa miezi mingi, hata mwaka. Jiki inaiua, sehemu moja kwa thelathini za maji, ikae dakika kumi, lakini sharti uchafu uondolewe kwanza na sakafu iwe ngumu. Ukiimwaga kwenye udongo ni kama umemwaga chai. Watoto wa mbwa huanza chanjo wakiwa na wiki sita hadi nane, wakarudiwa kila baada ya wiki kadhaa hadi wafikishe kumi na sita. Katikati hapo, kinga ya mama inaisha na ya chanjo haijakomaa, na hapo ndipo ugonjwa unapopita.

Kwa hiyo: ua wangu wa udongo haufai. Nahitaji saruji, na sina hata ya kununua mfuko mmoja.

16 Juni 2024

Chama kimenishangaza. Nilidhani wataniita kunidai. Mwenyekiti alikuja mwenyewe na shemeji yake ambaye ni fundi wa ujenzi, akaangalia ua, akaniuliza maswali mawili ya parvo na kumi ya pesa. Akasema mwanamume wa kuku angekuwa ameandika ukurasa kama ule wa Mei, asingekuwa anamkwepa hadi leo. Mifuko sita ya saruji imekuja kwa mkopo wa dukani, shemeji amefanya kazi kwa nusu bei. Sakafu ina mteremko, maji yanaingia mfereji mmoja, na mfereji hauendi kijitoni.

Kanuni mpya nimezipaka ukutani kwa rangi nyekundu. Mtoto wa mbwa chini ya wiki kumi na sita haoshwi hapa. Mbwa bila kadi ya chanjo haingii. Hakuna mbwa anayeguswa na maji kabla ya mkono.

30 Juni 2024

Wiki ya maandamano. Tarehe 25 na siku zilizofuata hakuna gari, hakuna kazi, moshi wa machozi ulitufikia hata huku. Mbwa wawili tu.

25 Julai 2024

Baridi ya Julai imeingia kwenye chuma cha mguu. Asubuhi natembea kama bata. Lakini wateja kumi na tisa wamerudi, mmoja mmoja. Ninawaambia wote kilichotokea Aprili kabla hawajauliza. Wawili waliondoka hapohapo, na sikuwalaumu.

28 Septemba 2024

Leo ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, na ua wangu umekuwa na mbwa wengi kuliko bandani kwa kampuni. Daktari wa mifugo ninayewatuma wateja kwake alikuja na chanjo kwenye boksi la barafu, na bei akaishusha kwa watu wa mtaa. Mimi nilikuwa wa kushika. Mbwa wa Kawangware si Spitz wa Lavington. Wengi hawajawahi kuvaa mkanda wa shingo, wengine wenyewe wao ni watoto wa miaka kumi waliowavuta kwa kamba ya katani. Mvulana mmoja alimbeba wake kwa mabega kama mbuzi.

Nilipokuwa kazini nilifundishwa kwamba mbwa anayeogopa umkaribie ubavu, usimkodolee macho, umwachie anuse mgongo wa kiganja. Leo nilifanya hivyo mara themanini na tatu. Nimeng'atwa mara moja, juu juu, nikaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nikiangalia saa, na bado nikaenda hospitali kwa sindano. Watoto walisimama kunitazama nikiosha, na daktari akaitumia nafasi ile kuwafundisha. Ugonjwa huu dalili zikishaonekana kwa mtu hakuna cha kufanya, ndiyo maana kuosha na sindano ni mara moja, hata jeraha liwe dogo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa, hapahapa pembezoni mwa Nairobi, na shabaha ya serikali ni kukiondoa kwa binadamu ifikapo 2030. Ili kisienee mtaani inatakiwa mbwa saba kati ya kumi wawe na chanjo. Niliwahesabu kichwani mbwa wa ploti zetu. Hatujafika hata nusu.

Sikupata shilingi leo. Jirani wa kibanda cha chai alileta mbwa wake, akawa wa nne kwenye foleni. Hakusema kitu juu ya sabuni.

3 Novemba 2024

Diwali imepita na fataki zake, na mbwa wawili wa Parklands walioruka ukuta wamepatikana, mmoja hadi Kangemi. Mwaka ujao nitawaandikia wateja wiki moja kabla: mbwa afungiwe ndani, redio iwashwe.

Jambo kubwa la mwezi ni Jamani wa mzee mmoja wa Lavington, jaji mstaafu au kitu kama hicho, mtu wa maneno machache. Mbwa alikuja kwa kuoshwa tu, mkia unatikisika, amekula asubuhi. Nilipofunua mdomo fizi zilikuwa na rangi ya karatasi. Nilibonyeza kwa kidole nikahesabu. Kwa mbwa mzima rangi hurudi kabla hujamaliza kusema mbili. Hii ilichelewa. Nikatafuta, nikampata kupe mmoja ndani ya sikio, amevimba kama harage. Sikufungua maji. Nilimwambia mzee ampeleke kliniki sasa hivi, si jioni. Alikasirika kidogo, alikuwa amenilipa tayari kwa simu.

Homa ya kupe, damu ilionyesha. Daktari alisema siku mbili zaidi na angeongezwa damu, kama angewahi. Mzee alirudi wiki jana, akakaa kwenye kiti cha plastiki uani, akatazama ukuta wenye kanuni nyekundu muda mrefu. Tangu hapo nimepata simu kumi na nne kutoka barabara yake. Mwezi uliopita nilifikisha mbwa 41.

9 Januari 2025

Desemba Nairobi inahamia ushago, kwao mashambani, na kila mwenye mbwa anauliza swali lile lile: atabaki na nani? Mwenye ploti hataki mbwa walale hapa, naye ana haki, kuta ni mabati na wapangaji wana watoto wachanga. Nikawaza, mimi nimelala miaka tisa kwenye nyua za watu. Kwa nini mbwa wanifuate, badala ya mimi kuwafuata?

Siku kumi na nne nililala kwenye nyumba moja Lavington kwa 1,000 usiku, na mchana nikalisha na kutembeza wa nyumba ya jirani kwa 500. Jumla 21,000. Mwenye nyumba alinikabidhi funguo na kusema, "Nyumba ni yako, bosi." Usiku wa mwaka mpya fataki zilipoanza, mbwa alijipenyeza chini ya kitanda changu cha kukunja, akatetemeka. Nilishusha mkono nikaupitisha masikioni, shingoni, makwapani. Nilikuwa na kofia ya zamani ya zamu kichwani, kwa ajili ya baridi. Nililia kidogo, na naliandika hili kwa kuwa mama watoto atalisoma na kucheka.

Nimenunua mashine ya upepo. Ile ya saluni nimeiuza 1,200 kwa mtu mwenye saluni.

24 Februari 2025

Awamu ya kumi na moja. Deni la chama limeisha, miezi miwili nyuma ya ahadi. La saruji lilikwisha Oktoba. Mwenyekiti ameniomba niendelee kuandika, eti mkutano umekuwa mkavu.

17 Julai 2025

Baridi tena, mguu tena. Leseni ya biashara ya kaunti nimeilipia mwaka wa pili, kibanda kina bomba la ndani na tangi la lita elfu mbili, na mwezi uliopita walikuja mbwa 63 na paka wanane. Mama watoto ameiacha meza ya mboga kwa dada yake. Sasa anashika simu, anapanga saa, na ana ukali wa kuwadai wanaosahau kulipa ambao mimi sina.

Kuna msichana wa jirani, miaka kumi na tisa, alimaliza kidato cha nne na kukaa. Alikuja Machi akiogopa hata mbwa aliyelala. Miezi miwili sikumruhusu kugusa shampuu, mkono tu, mbwa baada ya mbwa, nami nikirudia nyuma yake. Simkati mia mbili akikosea. Namwambia tu, "Rudi."

Leo asubuhi nilipitia Rottweiler wa Kileleshwa mwenyewe, kwa haraka kidogo, mguu ulikuwa unauma. Nikasema yuko safi. Msichana alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, akauinua mguu wa nyuma wa kushoto, akatenganisha vidole viwili, akanyamaza. Kupe, mdogo kama mbegu ya ufuta. Akanitazama kama anayeomba ruhusa.

"Rudi, mzee," akasema.

Nimerudi. Nilipata mwingine, mguu wa kulia.